Mwalimu, nimeshika sapu ya mantiki: je, falsafa imenikataa?

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma falsafa. Kidato cha nne nilitoka na F ya hisabati, nikaenda HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na nilipochaguliwa kusoma falsafa nilimshukuru Mungu kwamba hesabu nimeachana nazo. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri: Plato, Aristotle, Tomaso wa Akwino, maadili, mijadala ambayo kipindi kilikuwa kinaisha na hatutaki kutoka. Kisha ikaja mantiki ya alama.

Mhadhiri wetu anafundisha kwa bidii, sina lawama naye. Akiandika uthibitisho ubaoni naona kila mstari ulikotoka, naitikia kwa kichwa, nanakili. Nikirudi hosteli na kufungua zoezi, kalamu haisogei. Sijui hata nianze na mstari gani. Wenzangu wengi wanakariri majibu ya mitihani iliyopita, nami nikafanya hivyohivyo. Siku ya mtihani maswali yalikuwa yamegeuzwa kidogo tu, nikashika sapu, yaani mtihani wa marudio.

Mwaka wa tatu nataka utafiti wangu uwe juu ya hoja za kuwepo kwa Mungu, hasa zile njia tano za Tomaso. Mhadhiri ninayetaka anisimamie ameniambia niimarishe kwanza mantiki, kisha nijifunze mantiki ya lazima na uwezekano, na hesabu za probabiliti kidogo. Tangu siku hiyo sina raha. Rafiki yangu mmoja anasema hayo ni mambo ya Wazungu, nihamie falsafa ya Kiafrika ambako hakuna alama. Mwingine anasema bora nibadili kozi kabla sijaongeza keri (somo la kurudia mwaka unaofuata) juu ya sapu.

Naomba uniambie ukweli. Vitu hivi ni vya lazima kwa mtu ambaye anapenda tu kusoma na kufikiri? Na mwenye F ya hisabati aanzie wapi?

Ni mimi mwanao,
Niliyekwama kwenye mantiki

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usibadili kozi. Barua yako yenyewe inaonyesha unajua kupanga mambo yakafuatana. Ulichokosa ni namna ya kujizoeza, na hilo linarekebishika kabla ya sapu.

Nianze na hiyo F, maana naona unaibeba kama hukumu. Mantiki ya mwaka wa pili haikutaki uzidishe namba wala utafute eneo la duara. Inakutaka uitazame sentensi, uone imejengwaje, kisha ufuate kanuni bila kuruka hatua. Kazi hiyo ulishaifanya HKL. Ulipochanganua sentensi kwa mchoro wa matawi, S ikagawanyika kuwa KN na KT, KN ikagawanyika tena, hukujiuliza kama sentensi ile inasema kweli au uongo. Uliangalia umbo lake. Mantiki ya alama inaifanyia hoja nzima vivyo hivyo, na aliyeweza kuchora matawi yale bila kukosea ana mkono unaotakiwa hapa.

Sasa, ni vya lazima? Kuna watu wanaofanya falsafa nzuri ya maadili au ya historia bila kuandika alama hata moja, na sitakuambia vinginevyo. Lakini wewe umechagua mada, na jibu langu litatoka ndani ya mada hiyo. Tuchukue njia ya tatu ya Tomaso, iliyomo katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 2, kifungu cha 3.

Kwa ufupi anasema hivi. Tunaona vitu vinatokea na kuharibika, kwa hiyo ni vitu vinavyoweza kuwepo na vinavyoweza kutokuwepo. Kitu kinachoweza kutokuwepo, kuna wakati hakipo. Basi kama vitu vyote ni vya namna hiyo, kuna wakati hapakuwa na kitu chochote. Na kama ni hivyo, hata sasa pasingekuwa na kitu, kwa sababu kisichokuwepo hakianzi kuwepo isipokuwa kwa njia ya kilichopo. Lakini vitu vipo. Kwa hiyo si vyote vinavyoweza kutokuwepo: lazima kiwepo kilichopo kwa lazima.

Isome tena taratibu. Inateleza vizuri, huoni mahali pa kusimama na kuuliza. Sasa chukua karatasi. x iwe kitu, t iwe wakati, na H(x,t) isomeke "x hakipo wakati t". Alama ∀ isomeke "kila", na ∃ isomeke "kuna angalau kimoja". Kauli ya kwanza, kwamba kila kitu kuna wakati hakipo, inaandikwa hivi:

∀x ∃t H(x,t)

Na ile inayofuata, kwamba kuna wakati mmoja ambapo hakuna kitu hata kimoja, inaandikwa hivi:

∃t ∀x H(x,t)

Herufi ni zilezile na mabano ni yaleyale. Kilichobadilika ni nani ametangulia kati ya ∀ na ∃, na uzito wote wa hoja umekalia hapo. Ya pili ikiwa kweli, ya kwanza nayo ni kweli. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili huwezi kupita hivihivi. Kila mkazi wa Dar es Salaam ana saa yake ya kulala, lakini haifuati kwamba kuna saa ambayo jiji zima limelala kwa pamoja, pamoja na walinzi, wauguzi wa zamu na madereva wa malori.

Wengi wakifika hapo hutangaza kwamba Tomaso ameanguka. Wanafanya haraka. Wapo watetezi wanaosema kwamba hakuteleza, ila nyuma ya maneno yake kuna kauli ambayo hakuiandika: kama wakati uliopita hauna mwanzo, basi kila linalowezekana lingekuwa limeshatokea, likiwemo hili la vitu vyote kukosekana kwa wakati mmoja. Je, kauli hiyo ni ya kweli? Na kama kila kimoja kinaweza kutokuwepo, je, inawezekana vyote visiwepo pamoja? Haya sasa ni maswali ya falsafa, ni mazito, na ndiyo utafiti wako. Alama hazikukuambia kama Mungu yupo au hayupo. Zimekuonyesha mahali hasa pa kuchimba, ambapo asiye nazo angepita akiitikia kwa kichwa. Huyo mhadhiri aliyekutuma ukaimarishe mantiki kwanza amekutendea wema mkubwa.

Tuje kwenye kalamu isiyosogea. Kuufuata uthibitisho na kuutengeneza ni kazi mbili mbalimbali. Pale ubaoni maamuzi yote magumu yameshafanywa: mwalimu ameshaamua achukulie nini, na lini. Wewe unaona matokeo tu, ndiyo maana kila mstari unaonekana rahisi. Kukariri mitihani iliyopita ni kunakili maamuzi ya mtu mwingine kwa swali lingine.

Anza mwishoni. Uthibitisho huandikwa kutoka juu kwenda chini, lakini hutafutwa kutoka chini kwenda juu. Tuseme umepewa P → Q na Q → R, ambapo kila herufi ni kauli fulani, na unatakiwa ufikie P → R. Andika P → R chini kabisa ya karatasi. Jiulize alama yake kuu ni ipi: ni mshale, yaani "kama... basi". Kanuni ya kuupata mshale inasema chukulia upande wa kushoto, ufikie upande wa kulia. Kwa hiyo juu, baada ya zile kauli mbili ulizopewa, ingia ndani kidogo uandike P kama dhana ya muda, na juu kidogo ya mstari wa mwisho uandike R. Kilichobaki ni pengo la katikati. P pamoja na P → Q vinakupa Q. Q pamoja na Q → R vinakupa R. Pengo limejaa, unafunga ile dhana ya muda, umemaliza. Hitimisho lenyewe ndilo lililokuambia la kufanya.

Vivyo hivyo hitimisho likiwa la "na", thibitisha kila upande peke yake. Likiwa la kukanusha, chukulia kile kinachokanushwa, kisha tafuta mgongano. Ukikuta "au" kwenye kauli ulizopewa, pita upande mmoja, kisha upande wa pili, uonyeshe kwamba pande zote mbili zinafika palepale. Maswali mengi ya kozi ya kwanza hayahitaji zaidi ya hapo.

Fanya hivi kila siku, kidogo kidogo, wala si usiku wa kuamkia mtihani. Chukua uthibitisho uliofanywa darasani, ufunike, uufanye upya kwenye karatasi tupu. Ukikwama, funua mstari mmoja tu, na usiendelee mpaka uweze kutaja kanuni iliyouleta na mistari ulikotoka. Ukishindwa kutaja, umempata mtu wa kumuuliza na swali la kumuuliza: nenda kwa mhadhiri na karatasi yako, umwambie "mstari wa tano sijui umetokea wapi". Hakuna mwalimu asiyefurahi kuulizwa hivyo. Ukimwambia "sielewi mantiki" atakurudishia somo lilelile, na utaitikia kwa kichwa tena. Na akili mnemba, kama unayo kwenye simu, iulize ikague ulichoandika wewe, kisha nawe uikague, maana hukosea hatua huku ikiandika kwa kujiamini. Ukiiachia ifanye zoezi, umerudi palepale pa kutazama ubao.

Kitabu usihangaike kununua. Kipo kinachoitwa forall x, cha P. D. Magnus, kinachotolewa bure kwenye intaneti kwa idhini ya mwandishi mwenyewe, nacho kimejaa mazoezi. Ukikipakua, angalia kwanza ukurasa wa alama. Vitabu havikubaliani: kimoja kinaandika →, kingine ⊃; kwa "si" kimoja ¬, kingine ~; kwa "na" kimoja ∧, kingine &. Maana ni ileile. Nimeona wanafunzi wenye uwezo wakikata tamaa wiki nzima kwa sababu hii tu, kwa kuwa walidhani wamefungua somo jingine.

Jambo moja linawachanganya karibu wote, na huenda na wewe limekuchanganya: jedwali la ukweli la "kama... basi", yaani jedwali linaloonyesha ni katika hali zipi kauli hiyo ni kweli au si kweli. Mbona upande wa kushoto ukiwa si kweli, kauli nzima inahesabiwa kuwa kweli? Fikiria nimekuahidi: mvua ikinyesha Jumamosi, nitakuletea mwavuli. Jumamosi jua likawaka siku nzima, sikuleta mwavuli. Nimekudanganya? Hapana. Na kama nilileta hata hivyo, nimekudanganya? Hapana. Kuna hali moja tu ya kunikamata: mvua imenyesha na mwavuli sikuleta. Jedwali linaandika hilo na si zaidi. Kama bado moyo unakataa kwamba "kama" yetu ya kila siku ni hiyo tu, moyo wako uko sahihi. Mwanafalsafa wa Marekani C. I. Lewis hakuridhika nayo, na kutoridhika huko ndiko kulikomfanya ajenge, mwanzoni mwa karne iliyopita, mifumo ya mantiki ya lazima na uwezekano. Kwa ajili ya sapu tumia jedwali. Baada ya sapu, bishana nalo.

Na usidhani hili ni gumu kwa wenye F tu. Mwanasaikolojia wa Uingereza Peter Wason alieleza mwaka 1966 jaribio lake la kadi nne. Mezani kuna kadi zinazoonyesha E, K, 4 na 7. Kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni ni hii: kama upande mmoja ni irabu, upande wa pili ni namba shufwa. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili ujue kama kanuni imevunjwa? Wengi, wakiwemo wasomi wa vyuo vikuu, huchagua E peke yake, au E na 4. Jibu ni E na 7. Ukijua kwa nini 4 haina kazi na 7 ina kazi, umeshaelewa jedwali la "kama... basi" kuliko aliyelikariri.

Mantiki ya lazima na uwezekano utaihitaji kwa sababu moja kubwa. Mwaka 1974 mwanafalsafa wa Marekani Alvin Plantinga alitoa sura mpya ya hoja ya Anselm, hoja ya karne ya 11 inayojaribu kuthibitisha kuwepo kwa Mungu kutokana na wazo lenyewe la Mungu. Inasimama juu ya mfumo uitwao S5, ambamo jambo likiwezekana kuwa la lazima, basi ni la lazima. Ona hatari yake. Mtu anakuuliza kwa upole, "Unakubali angalau kwamba inawezekana Mungu yupo kwa lazima?" Unasema ndiyo, kwa adabu tu. Katika S5 umeshakubali kwamba yupo. Na asiyeamini naye anaweza kukuuliza kwa upole uleule kama inawezekana asiwepo, ukikubali umeshakubali kwamba hayupo kwa lazima. "Inawezekana" hizo mbili haziwezi kukaa pamoja, kwa hiyo neno tunalolitoa bure kwenye mazungumzo limebeba hoja nzima. Hili hulijui mpaka ujifunze kanuni za S5, na kwa aliyeshika uthibitisho wa kawaida si kazi ya kutisha.

Probabiliti jifunze ya msingi tu, yaani mpaka uelewe kanuni ya Bayes, inayoonyesha uwezekano wa jambo unavyobadilika ukipata ushahidi. Thomas Bayes alikuwa mchungaji Uingereza, akafariki mwaka 1761 bila kuichapisha kazi yake hiyo. Rafiki yake Richard Price, naye mchungaji, aliitoa mwaka 1763, na mwaka 1767 akatumia fikra za namna hiyo kumjibu mwanafalsafa David Hume, aliyetilia shaka ushahidi wa miujiza. Kwa hiyo imo ndani ya mada yako tangu mwanzo. Anza na hesabu ya watu badala ya fomula. Katika watu 1,000, mmoja ana ugonjwa. Kipimo kinamnasa kila mgonjwa, lakini kinawasingizia watu 5 katika kila wazima 100. Umepimwa, kipimo kimesema unao. Una uwezekano gani wa kuumwa kweli? Wazima ni 999, watakaosingiziwa ni kama 50, mgonjwa halisi ni mmoja. Uko kwenye kundi la watu 51, na mgonjwa humo ni mmoja: kama asilimia 2. Hume anauliza swali la umbo hilohilo juu ya shahidi wa muujiza: jambo lenyewe ni adimu kiasi gani, na mashahidi hukosea mara ngapi? Ukiweza kuandika maswali hayo mawili kila moja mahali pake, utamsoma kwa macho mengine.

Usikimbilie Gödel, yule mwanamantiki wa nadharia za kutokamilika. Wapo wanaomtaja kwenye kila mjadala wa Mungu na akili ya binadamu huku hawajawahi kumaliza uthibitisho mmoja wa mistari kumi. Muache mpaka umhitaji, na kwa utafiti huu humhitaji.

Kwa rafiki yako wa "mambo ya Wazungu", mjibu kwa upole lakini mjibu. Al-Ghazali, mwanachuoni yuleyule aliyewashambulia wanafalsafa, alikifungua kitabu chake cha misingi ya sheria, al-Mustasfa, kwa utangulizi wa mantiki, na akasema kwamba asiyeimudu mantiki, elimu yake haiaminiki. Henry Odera Oruka, alipokuwa anahoji wazee wenye hekima nchini Kenya, alitenga wale wanaojua mila na methali za jamii yao na wale wanaozihoji na kutoa sababu zao. Kutenga huko hakuwezekani kama mtafiti hajui hoja inaonekanaje. Na Jonathan Chimakonam wa Nigeria, anayeamini kwamba falsafa ya Kiafrika inahitaji mantiki yake, alichapisha mwaka 2019 mfumo anaouita Ezumezu, wenye thamani tatu za ukweli badala ya mbili za kawaida, kweli na si kweli. Ukitaka kumkubali au kumpinga, itabidi kwanza ujue ile ya thamani mbili inafanya nini. Hamia falsafa ya Kiafrika kama moyo unakupeleka huko; ni shamba kubwa na linahitaji watu. Usihamie kwa kukimbia.

Mpaka sapu ipite, acha S5 na Bayes pembeni. Fanya uthibitisho na majedwali tu, na kwantifaya (yaani ∀ na ∃) kama zimo kwenye mtaala wenu. Mtafute mwenzako mmoja ambaye naye ana sapu, kila mmoja amwandikie mwenzake maswali, na anayefanya aseme kwa sauti kwa nini amechagua kila hatua. Ikipita, usisubiri mwaka wa tatu uanze: mpelekee mhadhiri wako ukurasa mmoja wa njia ya tatu, kila kauli kwenye mstari wake na namba yake, na kando ya kila mstari uandike umetokana na mistari ipi. Pale utakapokosa cha kuandika kando, paache wazi umuonyeshe.